Tasnifu yako na Wikipedia: sura ya pili iingie, sura ya nne isubiri

"Shikamoo kaka. Nimeshatetea, tasnifu imepita. Sasa naomba unielekeze namna ya kuipandisha Wikipedia."

Ujumbe wa namna hii hunifikia WhatsApp kila msimu wa mahafali. Jibu langu huanza na marahaba na hongera sana, kisha huwa refu kuliko mwenzangu alivyotarajia. Yeye anataka kujua abonyeze wapi. Mimi namuuliza kwanza: unataka kuweka nini hasa? Tasnifu ukiikabidhi maktaba inapokelewa nzima, na jalada lake. Ukiileta kwenye kamusi elezo kama Wikipedia inabidi ipepetwe, aya kwa aya, na mara nyingi sehemu unayoionea fahari zaidi ndiyo inayobaki kwenye ungo.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza kuanza Januari 2001. Zote zinafuata kanuni moja inayowashangaza wasomi: hazichapishi utafiti mpya. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye utafiti mkononi, awe ametoka chuoni au ameufanya mwenyewe kijijini kwao, anayejiuliza kama mahali pake ni humo.

Kwanza elewa kinachokataliwa, na kwa nini

Chuoni tumefundishwa kwamba kazi isiyo na jambo jipya haina thamani. Msimamizi anakuuliza: mchango wako mpya ni upi? Ukikosa jibu, unarudishwa kwenye pendekezo la utafiti. Kwenye kamusi elezo mambo yamegeuzwa. Maneno yawe yako, usinakili ya mtu, lakini madai yasiwe yako. Kila dai liwe limeshachapishwa na mtu mwingine, mahali ambapo msomaji anaweza kwenda kulikagua.

Kanuni hii iliandikwa katika Wikipedia ya Kiingereza mwaka 2003, kipindi ambacho watu wenye nadharia zao za fizikia, za kumwangusha Newton na Einstein kwa mkupuo mmoja, walikuwa wakizimwaga humo. Wahariri hawakuwa na maabara wala jopo la wanafizikia wa kuzipima. Wangesemaje kwamba huyu amekosea na yule amepatia? Wakaamua kutopima ukweli wa nadharia wenyewe. Wanapima kitu ambacho mtu yeyote makini anaweza kukipima: je, jarida, kitabu au taasisi inayoaminika imeshalichapisha jambo hili?

Kwa hiyo mtu akifuta aya yako hajasema wewe ni mwongo. Amesema hana njia ya kujua. Hili ukilishika mapema utaokoa wiki nzima ya hasira.

Ipitie tasnifu sura kwa sura

Tasnifu nyingi za vyuo vyetu zina sura tano, na mgawanyo huo unarahisisha kazi.

Sura ya kwanza, utangulizi na usuli, ina vitu vya kuokota: eneo la utafiti liko wapi, lina watu gani, historia yake ni ipi. Mradi uwe umevitoa kwenye vyanzo na si kichwani. Tamko la tatizo na malengo ya utafiti yaache yalipo.

Sura ya pili ndiyo dhahabu. Mapitio ya machapisho, ile sura iliyokuchosha ukaiandika usiku huku ukilaani, ndiyo iliyo karibu zaidi na makala ya kamusi elezo: fulani alisema hivi mwaka huu, mwingine akampinga, wa tatu akaongeza lile. Umeshasoma vitabu ambavyo mhariri wa kawaida hawezi kuvipata, baadhi yake viko kwenye rafu moja tu ya maktaba moja tu. Chukua vyanzo vile, viandike upya kwa lugha nyepesi, weka tanbihi kwa kila dai. Ondoa tu zile sentensi za "pengo lililoachwa na watafiti hawa ni…", kwa sababu pengo hilo umeliona wewe.

Sura ya tatu, mbinu za utafiti, haina kazi huku. Ipite.

Sura ya nne ni matokeo yako: mahojiano, madodoso, majedwali, uchambuzi. Hii inasubiri, hata kama ni nzuri, hata kama msimamizi alisema inastahili tuzo. Inasubiri ichapishwe, kisha isubiri tena wengine waisome na kuitumia. Sura ya tano, yenye mapendekezo kwa serikali na wadau, haiingii hata ikichapishwa. Kamusi elezo haimshauri mtu.

Utaniuliza: lakini tasnifu yenyewe si imeshapita mbele ya watahini, na iko kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo? Swali la haki. Kwa desturi ya Wikipedia ya Kiingereza, tasnifu ya uzamivu inaweza kutajwa kama chanzo, kwa tahadhari. Ya umahiri haikubaliki mpaka ionyeshe kwamba imekuwa na uzito mkubwa katika taaluma yake. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili tuko wachache na hatukazi kamba kiasi hicho, hasa kwa mada ambazo tasnifu ndiyo maandishi pekee. Ila kuna tofauti kati ya mtu mwingine kuitaja tasnifu yako katika sentensi moja, na wewe kuja kuitandaza makala nzima.

Usiunganishe A na B

Hapa ndipo wasomi wazuri wanapoanguka. Mtego huu hauna uzembe ndani yake. Unanasa watu kwa sababu ya akili yao.

Chukua Kilwa. Dai la kwanza: msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaeleza kwamba majengo ya mji yalikuwa ya mbao. Ni kweli, imo katika simulizi ya safari zake, chanzo kipo. Dai la pili: wanaakiolojia, akiwamo Neville Chittick aliyechimba pale miaka ya 1960, wamefukua majengo makubwa ya mawe ya matumbawe, na jumba la Husuni Kubwa wanalihusisha na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mtawala wa wakati uleule. Nalo lina chanzo. Sasa kidole kinawasha. Unaandika: "Hivyo, Ibn Battuta hakufika Kilwa bali alisimulia habari za kusikia."

Kila nusu ina tanbihi. Ile "hivyo" haina. Umezaa hitimisho jipya kutokana na vyanzo viwili ambavyo hakuna hata kimoja kinachosema hivyo. Na angalia jinsi lilivyo dhaifu: labda alikuwa akieleza nyumba za watu wa kawaida. Labda kumbukumbu ilimponyoka, maana simulizi yake iliandikwa na Ibn Juzayy huko Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye. Kupima labda hizi ni kazi ya wanahistoria, kwenye majarida yao. Wewe mhariri unaruhusiwa kuandika dai la kwanza, ukaandika la pili, na kama yupo mtaalamu aliyeyakutanisha katika chapisho lake, ukaandika: fulani anaona kwamba… ukamtaja kwa jina.

Nina zoezi dogo ninalolitumia. Kabla ya kuhifadhi, natafuta maneno haya katika rasimu: hivyo, kwa hiyo, hata hivyo, inaonyesha, ni dhahiri kwamba, huenda. Kila ninapolikuta moja najiuliza: hii "kwa hiyo" ni ya nani? Ikiwa ni ya chanzo, inabaki. Ikiwa ni yangu, inatoka.

Nyaraka za asili, yaani maandishi ya tukio lenyewe kabla ya mtu kuyafasiri, zina mtego unaofanana na huo. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, linaweka masharti ya viongozi: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Kuandika kwamba Azimio linasema hivyo, ruksa. Msomaji anafungua waraka anayaona. Kuandika kwamba masharti hayo yanaonyesha hofu ya TANU dhidi ya tabaka jipya la matajiri, hapo umetoka kwenye waraka ukaingia kwenye tafsiri, na tafsiri ina wenyewe.

Vitu vinavyoonekana vipya lakini vinaruhusiwa

Wapo wanaotishika kupita kiasi mpaka hawathubutu kujumlisha. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ukiandika kwamba ongezeko ni watu 16,812,197, hujafanya utafiti, umefanya hesabu ya kutoa tu. Ukiandika sababu ya ongezeko hilo, hapo tafuta chanzo.

Kutafsiri pia si utafiti mpya. Unaweza kusoma chanzo cha Kijerumani kuhusu Vita vya Maji Maji na kukieleza kwa Kiswahili. Kwa kweli tunawahitaji sana watu wa namna hiyo. Picha ulizopiga mwenyewe za msikiti, samaki, mti au sherehe zinakaribishwa, na mahali pake ni Wikimedia Commons, hazina ya picha iliyo ndugu wa Wikipedia. Sharti ni kwamba picha isiwe njia ya kupenyeza dai jipya: piga picha ya kaburi, lakini usiandike chini yake kwamba ndilo kaburi la fulani kama hakuna aliyelithibitisha.

Ukishachapisha: namna ya kujitaja bila kujitangaza

Tuseme sura ya nne umeigeuza makala ya jarida, na imetoka. Sasa ni chanzo halali. Hakuna kanuni inayomkataza mtafiti kutaja kazi yake mwenyewe, ila mgongano wa maslahi unaonekana kwa mbali. Ninavyoshauri ni hivi. Fungua ukurasa wa majadiliano wa makala husika, si makala yenyewe. Jitambulishe: mimi ndiye mwandishi wa chapisho hili. Andika sentensi moja au mbili unazopendekeza, weka rejea kamili, mwombe mhariri mwingine aamue. Subiri. Kwenye wiki yetu kusubiri kunaweza kuwa kurefu kwa sababu watu ni wachache. Wiki mbili zikipita kimya, mwandikie mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa wiki, kwenye ukurasa wake.

Na usishangae sentensi yako ikipewa nafasi ndogo. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Timothy Messer-Kruse, mwanahistoria wa Marekani aliyetafiti kesi ya Haymarket. Tarehe 4 Mei 1886, mjini Chicago, bomu lilirushwa kwa polisi katika mkutano wa wafanyakazi waliokuwa katika vuguvugu la kudai siku ya kazi ya saa nane. Wanaume wanane walihukumiwa, wanne wakanyongwa Novemba 1887. Mei Mosi tunayoandamana nayo Dar es Salaam na Nairobi, na fulana zetu za vyama vya wafanyakazi, ina mizizi katika vuguvugu hilohilo.

Makala ya Wikipedia ya Kiingereza ilisema upande wa mashtaka haukutoa ushahidi wa kuwahusisha washtakiwa na bomu. Messer-Kruse alikuwa amesoma kumbukumbu za mahakama: kesi ilichukua wiki sita, mashahidi 118 wakaitwa. Mwaka 2009 akarekebisha. Wahariri wakayafuta marekebisho yake: nyaraka za asili hazitoshi, lete chapisho. Akangoja kitabu chake kitoke, kikatoka 2011, akarekebisha tena. Wakayafuta tena: wanahistoria wengi wanasema vingine, na maoni ya mmoja hayawezi kupewa uzito sawa na ya wengi. Februari 2012 alisimulia kisa chake katika gazeti la Chronicle of Higher Education na mjadala ukawa mkubwa.

Mimi nikikisoma kisa hiki nawaona wahariri wamepatia mara ya kwanza na kukosea mara ya pili. Mara ya kwanza, mgeni asiyejulikana anafuta maelezo ya miaka mingi kwa kusoma kumbukumbu za mahakama mwenyewe: unamzuia. Lakini mtaalamu akiwa na kitabu kilichopitiwa na wenzake, na suala lenyewe ni kama ushahidi ulitolewa au haukutolewa, sentensi moja ya "Messer-Kruse anapinga maelezo haya" haimnyimi mtu uzito wake. Kanuni ya uzito inapima ukubwa wa nafasi. Haimpi mtu kibali cha kuficha kwamba mabishano yapo.

Maneno ya wazee

Hili ndilo linaloniuma, na siwezi kulipita haraka.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika asili ya jina la kijiji cha bibi yangu, wilayani Muheza. Bibi alinieleza jina limetokana na mkwaju uliokuwa njia panda, ambapo wasafiri walipumzika. Nikaandika. Baada ya miezi mhariri mmoja akaiondoa sentensi, akaacha maneno mawili tu: hakuna chanzo. Nilikasirika. Bibi yangu si chanzo? Aliyezaliwa pale, akaolewa pale?

Nilipokwenda tena Muheza nilimuuliza mzee wa jirani, kwa nia ya kukusanya ushahidi. Akacheka. "Mkwaju? Huyo bibi yako katokea ng'ambo ya mto huyo. Jina ni la mtu, mwenye shamba wa kwanza." Basi nikawa na asili mbili, na njia ya kuchagua sina.

Suala hili halijaisha, na wanaosema kanuni inaupendelea ulimwengu wenye maktaba wana hoja. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake waliendesha mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi mahojiano na watu wanaojua michezo, mapishi na ibada za kwao, kisha kuyatumia mahojiano hayo kama rejea. Walionyesha kwamba inawezekana. Wikipedia kubwa hazikulifanya wazo hilo kuwa desturi yao, kwa hofu ileile: nani atakagua?

Ushauri wangu ni kuyapitisha maneno ya wazee mahali pa katikati kwanza. Rekodi mahojiano, na ruhusa ya mzee iwe ndani ya rekodi. Yapeleke kwa mwanahistoria au mwanaisimu aliye tayari kuyachapisha pamoja na ya wazee wengine, au kwa mwandishi wa makala za urithi wa gazeti, au redio inayohifadhi vipindi vyake. Yakishatoka kwa jina la mzee, kamusi elezo inaweza kuandika: kwa mujibu wa bibi fulani, jina limetokana na mkwaju, na kwa mujibu wa mzee fulani, na mwenye shamba. Zote mbili, bila kuamua. Na kama hakuna wa kuyachapisha leo, rekodi hata hivyo. Mzee hangoji kamusi elezo.

Wapi upeleke kinachosubiri

Kwa mambo ya lugha na fasihi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina majarida ya Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na lipo Swahili Forum linalosomwa bure mtandaoni. Jihadhari na majarida yanayokutumia barua pepe ya sifa, yakakuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa. Wahariri wa Wikipedia wanayajua na tanbihi yake itang'olewa.

Ndani ya familia ya Wikimedia yenyewe kuna milango mingine. Wikichuo, yaani Wikiversity, inaruhusu utafiti mpya. Yapo pia majarida ya WikiJournal, ambayo makala zake hupitiwa na wataalamu kwanza, na zilizofaa huweza kuingizwa Wikipedia. Wanasayansi walishaunda na daraja lao: tangu 2008 jarida la RNA Biology limewataka waandishi wa aina fulani ya makala waandike pia ukurasa wa Wikipedia wa muhtasari.

Neno kuhusu hakimiliki. Chochote unachokiweka Wikipedia unakitoa chini ya leseni ya Creative Commons, na huwezi kukirudisha. Ikiwa umeshasaini haki zako kwa mchapishaji, usinakili hata aya moja ya makala yako mwenyewe. Iandike upya.

Ukiwa wewe ndiye mhariri unayekuta utafiti wa mtu

Usiwe kama yule aliyeniachia maneno mawili. Angalia historia ya makala: mchangiaji ni mgeni? Tafuta kwa dakika kumi kama dai lina chanzo ambacho hakukiweka, mara nyingi kipo. Kisipokuwepo, hamisha aya yake kwenye ukurasa wa majadiliano badala ya kuifuta, kisha mwandikie. Mimi hutumia ujumbe huu, unaweza kuuchukua:

"Habari dada/kaka, karibu Wikipedia. Nimesoma aya uliyoongeza kuhusu asili ya jina la kijiji. Inavutia, lakini sijaona mahali ilipochapishwa, kwa hiyo nimeihamishia kwenye ukurasa wa majadiliano ili isipotee. Je, ipo katika kitabu, gazeti au jarida lolote? Kama uliisikia kwa mzee, naomba utuambie ni nani na lini, huenda tukapata njia ya kuichapisha. Sehemu yako kuhusu mto na mipaka ya kata ina chanzo kizuri, nimeiacha."